Iliki kumi za bibi wa Kisauni

Assalam alaykum mamangu, shikamoo, na nyote hapo Kibokoni Mombasa, dada, ndugu yangu mdogo na watoto. Mimi mzima alhamdulillah, baridi tu ya huku Leicester ndo inanishika magoti lakini kazini naenda. Nimeona niandike manake kwenye simu hatumalizi, mara mtandao umekata, mara watoto wanyang'anyana simu, na haya nilonayo nataka mama asomewe polepole akiwa amekaa.

Najua mwaulizana mbona pesa za mwezi huu zimechelewa. Ntawaambia ukweli. Mwajua zile gari ninazowanunulia watu huku nawapakilia meli mpaka Kilindini. Nilipata moja nzuri, haijafika miaka 8 kwahivo inaruhusiwa kuingia Kenya, lakini imetembea maili 112,000, yani kama kilomita 180,000 hivi. Mteja ni mwalimu wa huko Changamwe, pesa amezikusanya kwa taabu. Sasa yule dalali wa kati akanipigia usiku akanambia hebu teremsha hiyo namba, weka 60,000, kuna fundi huku hufanya kwa dakika 10, kila mtu afanya, mwalimu atajuaje. Na hata angeweza kujua, manake huku gari ikishapita miaka 3 hupimwa kila mwaka na maili zake zaandikwa kwenye tovuti ya serikali, mtu yeyote aweza kuangalia bure, lakini nani Changamwe atakaa aangalie hayo? Hapo ndo penye mtihani, kwamba hakuna atakaeangalia.

Nkampigia mwalimu mwenyewe nkamwambia maili zake zote. Akanyamaza kidogo, akashukuru, wiki mbili baadae nasikia amenunua kwengine. Gari iko hapa nje ya nyumba yaninyeshewa mvua na pesa zangu zimekaa ndani yake. Ndo sababu. Msinihurumie, nalala vizuri, ila mvumilie mpaka mwisho wa mwezi inshallah.

Sasa ndugu yangu, haya ya gari nimeyataja kwa sababu ya lile neno lako la Ijumaa. Ulisema kuna mtu akuletea pilipili manga bei ya chini sana na ukimuangalia wajua kabisa ndani mna mbegu za papai zilokaushwa, na kwamba jirani zako pale nyuma ya soko la Marikiti wanauza hizo hizo na wateja wanajaa, na wewe kodi ya duka imepanda na watoto wataka karo. Wallahi sikulaumu. Mimi niko mbali, wewe ndo unaefungua duka kila asubuhi, na najua hesabu za duka hazina huruma. Lakini tangu Ijumaa namuona marehemu Baba na ile bilauri yake ya maji. Wakumbuka? Mtu akija na gunia, hata awe rafiki yake wa miaka 20, Baba hutia kiganja kimoja cha pilipili ndani ya bilauri, anaiweka juu ya meza, wanaendelea kuzungumza habari za watoto na safari. Pilipili yazama, papai laelea. Hatukani mtu, hasemi kitu, anaisogeza tu bilauri karibu na yule mtu aione mwenyewe.

Kuna kisa kimoja sijawahi kuwahadithia, mama nadhani ajua nusu yake. Ilikuwa Ramadhani ya 1994, kumi la mwisho, duka limejaa watu wanunua viungo vya Idi. Nilikuwa na miaka 8 nimejitia nami nafunga, nimesifiwa nyumba nzima, kumbe nina chingamu mdomoni. Baada ya adhuhuri Baba akaniita ghafla nikamate mfuko, nkaogopa, nkaitoa ile chingamu nkaibandika chini ya sahani ya mizani, ile mizani ya shaba, sahani ya kushoto anayotilia bidhaa. Halafu nkasahau. Duka likaendelea mpaka baada ya tarawehe.

Mwajua Baba asubuhi kabla hajauza hata tangawizi moja alikuwa aifuta sahani zote mbili kwa kitambaa, kisha ainyanyua mizani tupu na kuungoja ule mshale wa kati usimame. Asubuhi ile haukusimama. Ukalala upande wa kushoto, kidogo tu, mtu mwengine asingeona. Akafuta tena. Akainyanyua tena. Kisha akapitisha vidole chini ya sahani taratibu, na mimi nimesimama hapo nasikia moyo wapiga mpaka masikioni. Akaigusa. Akachukua kisu kidogo cha kukatia kamba akaikwangua mpaka shaba ikachunika, akaipima: gramu 2. Akaniangalia. Nlingoja kofi. Akaniuliza, "Tangu saa ngapi?" Nkasema adhuhuri. Basi. La saumu hata hakuniuliza.

Akafungua daftari akaanza kuandika watu. Wale wa mkopo walikuwa wameandikwa tayari, wale wa taslimu akawakumbuka mmoja mmoja, yule wa bizari robo, yule wa mdalasini, mama fulani wa Bondeni, wale vijana wawili wa hoteli. Mtu alonunua kilo nzima kumpunja gramu 2 si kitu unaweza kusema, lakini iliki gramu 50 ukitoa 2 ni kitu, na Baba aliwaandika wote sawasawa. Kisha akakata magazeti, akakunja vile vikaratasi vya pembe, akatia kila mtu chake. Siku nzima yule alorudi dukani hupewa chake na kuombwa radhi, na Baba hakusema ni mtoto wangu alofanya, alisema mizani yangu jana ilikuwa na kasoro. Mbele ya wafanyabiashara wenziwe alisema hivo! Kuna aliyemwambia waharibu jina la duka lako mwenyewe. Akanyamaza.

Alasiri akanishika mkono tukapanda matatu mpaka Kisauni kwa bibi mmoja alokuwa amenunua iliki za mahamri ya Idi. Jua kali, tumeshuka stendi twatembea kwenye mchanga, Baba amefunga, mimi siku ile nimefunga kweli. Tumefika bibi akashtuka akadhani kuna msiba. Baba akampa kile kikaratasi, bibi akakifungua, iliki kumi. Akacheka mpaka akakaa chini, "Mwanangu, watoka Marikiti na saumu yako kwa hizi?" Baba akamjibu, "Ni zako mama, zilikuwa kwangu kwa makosa."

Wale ambao hakuwajua kabisa, wapita njia, aliwapigia hesabu akatia pesa kwenye sanduku la msikiti wa Mandhry, na akanambia kwa sauti ya chini nisije nikadhani ni sadaka yetu, ile ni sadaka yao, nia yatiwa kwa ajili yao. Usiku akanisomea Suratul Mutaffifin, "Ole wao wapunjao", aya zote 36. Hakunihubiria, alisoma tu, na alipomaliza akanifunika shuka.

Alipofariki mwajua sikuwahi. Dada ulinipigia alfajiri ya huku, na nilipopata tiketi mlikuwa mshamzika baada ya alasiri. Sikubeba jeneza la babangu, na hilo laniuma mpaka leo, sitaki kulificha. Mkononi mwangu kulichobaki chake ni ule mkono alonishika kwenye mchanga wa Kisauni.

Kwahivo ndugu yangu, naomba usinunue lile gunia. Kama ni kodi, nambie ni kiasi gani, hii gari nkiiuza hata kwa hasara nusu yake nakutumia wewe kwanza kabla ya lolote. Tutafute pamoja iliki na pilipili ya Tanga moja kwa moja kwa wakulima, kuna mtu nafanya nae kazi huku kwao ni Muheza, nshamuuliza, Jumapili atanipa namba.

Na dada, ukipita dukani fanya hisani, ile mizani ya shaba najua saa hizi mwatumia ya betri lakini iko juu ya kabati, iteremshe, igeuze ile sahani ya kushoto unipigie picha chini yake. Nataka kuona kama lile kovu la kisu bado lipo.

Nisalimieni majirani wote. Mama, niombee.

Mwanao