Mkifika Unguja, pigeni hodi

Assalamu alaykum wanangu, wajukuu zangu, na nyinyi wadogo zangu ambao nanyi mvi zimeshawatoka,

Nasikia wengi wenu hapa Maskati, na wengine wa Dubai na London, mmeshakata tiketi za Unguja likizo hii. Kuna mlioondoka mkiwa mmebebwa, na kuna ambao hamjapata kufika, mna hadithi za mama zenu tu. Mimi niliondoka 1972, nina miaka 14, usiku, kwa jahazi hadi Mombasa, kisha huku, Sultan Qaboos akiwa ameshawafungulia mlango watu wa asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki. Nikarudi mara ya kwanza 1998. Nakuelezeni nilivyofanya, ili nyinyi msifanye.

Nilishuka bandarini nikaenda moja kwa moja Malindi, mtaa wetu wa Mji Mkongwe, hata shangazi yangu aliyekuwa akiningoja sikumsalimu. Nikagonga. Mlango ni ule ule, njumu za shaba tu zimepungua. Akatoka mama wa makamo, nikamwambia: "Hii nyumba yetu."

Uso wake ulinyauka mbele yangu. Nyuma yake wakaja watoto, akaja mwanamume wa ghorofani, akaja bibi mwengine. Zilikuwa familia tatu, zimepewa vyumba na Serikali baada ya nyumba nyingi za mjini kutaifishwa, na wote walijua nimekuja kuwatoa. Yule mama alikuwa amekaa mle miaka mingi kuliko mimi. Miaka 26 naiota ile nyumba, na ndotoni haina mtu ila sisi.

Shangazi aliposikia alinifokea kweli kweli. "Hata hodi hukupiga?" Kesho yake akanipeleka mwenyewe, mkate wa kumimina mkononi, tukapiga hodi, tukakaa barazani mpaka tukakaribishwa.

Mkishaingia, msianze "kumbe padogo hivi!" Kila anayerudi husema nyumba imenywea. Haikunywea. Dari za Mji Mkongwe zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vyetu vilikuwa vyembamba tangu siku vilipojengwa. Tuliokuwa wadogo ni sisi. Na mwenye nyumba asikusikie unapima pahala anapolala.

Wakati wa chai yule mama akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: maji ya paani yanakwenda wapi? Kila masika ukuta wa jikoni unalowa, na hakuna wa kumuuliza. Mimi nilikuwa nikijua! Mlizamu uliteremka pembeni mwa uani ukaingia kwenye birika la kuwekea maji chini ya sakafu, lenye mfuniko wa jiwe tuliokatazwa kuukanyaga. Tukafagia, tukautafuta, tukaukuta. Birika limejaa kifusi. Nilikuja na machozi na kamera, kumbe kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumfaa mtu ni kujua jiwe lile liko wapi. Basi kabla hamjaondoka, waulizeni wazee wenu mambo ya namna hiyo: kisima kilikuwa upande gani, mlango gani ulizibwa, na kwa nini. Hadithi za karamu watu wanazo zao.

Na ukuta ule ulikuwa umepigwa saruji, kwa nia njema. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinataka kupumua. Saruji inafungia unyevu ndani, ukuta unaoza taratibu huku nje unang'ara. Ukitaka kumsaidia aliyemo, lipia chokaa na fundi anayeijua, na waulizeni kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Msidhani majengo yale hayaanguki. Jumba la Maajabu, la 1883, upande mzima uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa.

Wenye hati za nyumba sandukuni, sikuambieni mzichome. Ila hilo ni jambo la wakili na ofisi, lina mlango wake. Usende nalo kwa mama anayekaanga samaki.

Skuli nako niliharibu. Nilisoma Ben Bella, bila ya kulipiwa hata senti, kwa kuwa elimu ilitangazwa bure Septemba 1964. Nikaingia darasani katikati ya somo, wasichana wakasimama, shikamoo, nami nikaanza "enzi zetu". Nusu saa! Mwalimu anatazama saa, maskini, watoto wana mtihani wiki ile. Enzi zetu zenyewe tulikuwa tukitoka skuli tunakwenda kupanga foleni ya boflo, lakini hilo sikulisema. Nendeni kwanza kwa mwalimu mkuu, muulizeni saa gani inafaa na nini kinahitajika. Watoto wa watu msiwapige picha.

Uwanja wa ndege pia msigombane na kijana wa dirishani. Tanzania haina uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wengi wenu mtapanga mstari wa wageni na kulipia bima ya wageni, hata kama kitovu chako kimezikwa Mkunazini. Inauma, naijua. Lipa, upite.

Mimi magoti hayanipandishi tena ngazi zile. Atakayepita Malindi anipigie simu kwanza nimwelekeze nyumba. Yule mama sasa kizee kama mimi. Ampelekee halua, ya Pemba anayo, lakini hii ya hapa ina zafarani zaidi. Na amuulize lile birika, kile kifusi kimeshatolewa?

Bibi yenu,
Maskati