Hawakwenda Mississippi kutafuta sifa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba Wayahudi wa Marekani walijiunga na harakati za watu weusi ili kujitafutia sifa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Atlanta mwaka wa kumi na tisa sasa, na barua ile imeniuma.

Katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mwaka 1964, mtu mweusi akienda kujiandikisha kupiga kura alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili, kisha aeleze maana yake. Kifungu alikichagua karani, na karani huyo huyo ndiye aliyeamua kama jibu limefaa. Hata mwalimu wa shule aliweza kurudishwa nyumbani. Kiangazi hicho vijana wa vyuo kutoka kaskazini walikwenda kusaidia watu wajiandikishe. Kati ya Wazungu waliokwenda, Wayahudi walikuwa wengi kupita kiasi ukilinganisha na uchache wao nchini.

Mmoja wao, Andrew Goodman wa New York, alikuwa na miaka 20. Alipofika mji wa Meridian aliwaandikia wazazi wake kadi ya posta: amefika salama, mji ni mzuri, hali ya hewa nzuri, watu wamempokea vyema. Muhuri wa posta unasema tarehe 21 Juni. Siku hiyo hiyo yeye, Myahudi mwenzake Michael Schwerner, na James Chaney, kijana mweusi mwenyeji wa Meridian, walikwenda Kaunti ya Neshoba kuliona kanisa la weusi lililochomwa moto. Wakakamatwa, wakaachiwa usiku, wakafuatwa na watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, na kupigwa risasi. Miili yao ilifukuliwa siku 44 baadaye kwenye tuta la bwawa. Sifa gani hiyo ya kufuatwa mpaka kaburini?

Rita, mke wa Schwerner, alisema waziwazi mumewe akiwa bado hajapatikana kwamba Chaney angepotea peke yake, nchi isingeshtuka. Na kweli, wakati wa msako ule miili ya vijana wawili weusi, Charles Moore na Henry Dee, wote wa miaka 19, ilipatikana mtoni, na taifa halikusimama kwa ajili yao. Mtu mwenye uchu wa sifa hasemi maneno kama ya Rita.

Moyo huu wa kutonyamaza waliutoa wapi? Rabi Joachim Prinz alifukuzwa Ujerumani ya Hitler mwaka 1937. Tarehe 28 Agosti 1963, katika maandamano ya kudai haki za weusi mjini Washington, muda mfupi kabla ya Martin Luther King kupanda jukwaani, alisema maisha ya Berlin yalimfunza kwamba tatizo la aibu kuliko yote ni ukimya, si chuki.

Sisemi Wayahudi wote walijitokeza. Masinagogi mengi ya kusini yalinyamaza kwa hofu, na hofu ilikuwa na sababu. Hapa Atlanta, Rabi Jacob Rothschild alikuwa akikemea ubaguzi. Tarehe 12 Oktoba 1958 sinagogi lake lililipuliwa kwa baruti, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Nilipoapishwa kuwa raia, mlangoni tulikuta meza ya watu wa kujitolea wenye fomu za kujiandikisha. Bibi mmoja wa Kiyahudi, mikono ikimtetemeka kidogo, aliweka fomu yangu kando ya cheti cha uraia akapitisha kidole herufi kwa herufi. Cheti kinasema Mwanahawa. Mimi nilikuwa nimeandika Mwana Hawa, kama alivyoandika marehemu baba. Akanipa fomu mpya. “Anza upya, mwanangu, wanatafuta nafasi kama hiyo,” aliniambia. Sikuelewa mpaka 2018, ilipojulikana kwamba hapa Georgia fomu zaidi ya 50,000 zimewekwa kiporo, nyingi zikiwa za watu weusi, kwa sababu ya tofauti ndogo kama ile ya jina langu.

Nilimuuliza kwa nini anakesha na fomu za wageni. Akajibu kwamba alianza kazi hiyo akiwa msichana, na haijaisha.

Mhariri, mtakapoandika tena juu ya Neshoba, naomba majina ya Chaney, Goodman na Schwerner yachapwe pamoja, na ya Moore na Dee yasiachwe.

Mwanahawa,
Atlanta, Marekani