Wageni wanaingia Alhamisi, naomba mjibu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa 🙏

Wale walimu sita wa kujitolea toka Marekani wanatua KIA Alhamisi saa 2 usiku, ila mambo ya viza na mizigo mpaka watoke ni saa 3 na nusu hivi, kwahiyo kosta inatoka hapa kanisani Moshi saa 12 na nusu jioni, ukiachwa panda haisi za Arusha ushuke njia panda ya KIA umalizie na boda.

1. Mchango elfu 10, mwisho Jumanne saa 6 mchana kwa mhazini. Ni dizeli na maji ya chupa.
2. Kina mama, machalari asanteni sana, ila pilipili pembeni jamani, mwaka jana mnakumbuka.
3. Ijumaa HATUFUNDISHI. Watu wamesafiri zaidi ya siku nzima, mchana wetu kwao usiku, waacheni walale. Darasa la Kiingereza ni Jumatatu saa 9 alasiri na kila mgeni anakaa na mwalimu wetu mmoja, maana watoto wa la tatu ukiwapa Kiingereza kitupu wanakutolea macho tu.

Andika jina na NAKUJA au SIJI leo hii, tukitoa za wageni siti zinabaki 18 tu. Dole gumba sihesabu 😄