Radi haikuchoma tanzanaiti

Ndugu Mhariri,

Kila magazeti yanapoandika habari za tanzanaiti, hadithi ya radi haikosi: radi ilipiga vichaka vya Merelani, kaskazini mwa Tanzania, kito hiki kinakochimbwa, moto ukatembea, na wafugaji wa Kimasai walipopita na ng'ombe wao wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka bluu. Ni hadithi tamu, na inauza pete. Tatizo ni kuichapa kama jiolojia, maana wapo wanaoisoma kisha wakaweka jiwe kwenye jiko la mkaa.

Kweli iliyomo ni moja tu: joto huleta bluu. Tanzanaiti ni zoisiti (aina ya madini) yenye metali ya vanadi kidogo, iliyojijenga zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita kwenye miamba yenye kinywe (grafiti). Jiwe ghafi ukiligeuzageuza kwenye mwanga huonyesha rangi tatu: bluu, zambarau, na kahawia au manjano. Likichomwa kwa nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kahawia huondoka na hairudi.

Moto wa nyasi hauwezi kazi hiyo. Unapita upesi, joto lake linaishia sentimita chache ardhini, na mawe wanaapolo, yaani wachimbaji wa migodini, wanayafuata mamia ya mita chini. Machache hutoka shimoni yakiwa bluu tayari, lakini hayo yalipata joto ndani ya mwamba.

Kuchoma kunataka tanuri la umeme lenye kipimajoto. Jiwe hukatwa umbo la awali kwanza, ili sehemu zenye nyufa na madoa ziondoke. Zikiachwa, hutanuka na kupasua hata palipo pazima. Kisha hufukiwa kwenye mchanga mkavu, joto hupandishwa polepole, hushikiliwa kama nusu saa, na tanuri halifunguliwi mpaka lipoe lenyewe. Wenye haraka huharibu hapo mwishoni.

Tanzanaiti ina mwelekeo mmoja ambao kwa huo hupasuka kirahisi sana, kama kuni kavu inayofuata mshipa wake. (Ndiyo maana hata mashine za kusafishia vito kwa mtetemo haziifai, maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini vinatosha.) Kwenye mkaa, upande mmoja wa jiwe unaungua na mwingine unapigwa na upepo, likapasuka papo hapo. Hapo fundi hana tena la kufanya ila kulikata vijiwe vidogo, na bei ya karati za vijiwe haifanani na ya jiwe zima.

Wakata vito,
Arusha