Wazazi tulioachana, tusiwaharakishe watoto

Mhariri, naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu hapa Mombasa. Mtu kaachana na mumewe juzi tu, watoto bado wauliza baba arudi lini, mara Jumapili washapelekwa bustani ya Mama Ngina pale baharini kula mihogo na mtu hawamjui, waambiwa huyu ndo baba yenu sasa. Jamani, hapana!

Mwambie mtoto wewe mwenyewe kwanza, nyumbani, mkiwa nyinyi tu, kabla hajaskia kwa majirani, alafu akutane na huyo mtu kidogo kidogo mahali pa wazi, mambo ya huyo mtu kulala nyumbani yangoje. Na asilazimishwe kumwita baba, babake yupo. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 yasema baba na mama wote wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, kwa hivyo mwenzako mliyeachana pia mwambie mapema, si aje kuskia kwa mtoto.

Na akianza kukojoa kitandani usimchape, huenda anaumia. Akikwambia hataki kuachwa peke yake na huyo mtu msikilize hapo hapo, usimwambie ana wivu.

Mzazi, Kisauni