Barua kwa binti yangu: treni hii haipandi buti

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua tangu mvua zianze na habari ya hospitali hataki kuisikia. Barua hii anakuletea Hamisi, anapanda basi la alfajiri. Nimempa barua tu; kile kichwa chako kidogo cha treni, mfano ulioutengeneza uende nao Ujerumani, nimebaki nacho.

Simu ya jana ilikatika kabla sijakujibu, na pengine ulidhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Ulisema, "Baba, mpe konda, nitakipokea Mbezi, kisha nitakitia kwenye sanduku kubwa, basi." Sijakubali. Konda simpi, na kwenye sanduku kubwa hakiingii. Hata nikisahau mengine yote, hayo mawili nimeshayasema.

Sanduku likishapita kaunta halimo tena mkononi mwako. Linashuka kwenye mikanda, linaangukia juu ya mengine, linatupwa kwenye toroli, na vijana wa kupakia wanakimbizana na saa ya ndege. Si watu wabaya. Hawajui ndani kuna nini, na kile kibandiko chenye picha ya glasi nani atakitazama saa nane usiku? Halafu wewe unabadilisha ndege njiani, kwa hiyo misukosuko hiyo ni mara mbili kwa kwenda peke yake. Kaka yako anasema nguo zitakilinda. Nguo zinalinda chupa ya asali. Kitu chenye ngazi za waya mwembamba kama uzi hakilindwi na nguo, kinanaswa nazo.

Kingekuwa kichwa cha dizeli, umbo moja lililonyooka, nisingekuwa na maneno mengi. Lakini chako ni Garratt, kichwa cha mvuke cha vipande vitatu: tangi la maji mbele, boila na chumba cha dereva katikati, tangi la mafuta nyuma. Boila limelalia huku na huku kwa pini mbili, ndiyo sababu kikubwa chenyewe kiliweza kukata kona kali na urefu wake wote ule. Asiyejua atakishika kiunoni kama anavyoshika samaki, ncha mbili zitaning'inia, na uzito wote utavuta pini. Kile kikubwa kilikuwa na tani 252 na pini za kuuhimili uzito huo. Chako kina pini nene kama njiti ya kiberiti.

Kwa hiyo nimekifungua. Najua hupendi nikiguse, na nilikaa siku mbili nakitazama kabla sijakigusa. Pini zote mbili zimo kwenye kichupa cheupe cha dawa, nimeandika juu yake. Nyaya nne za mota nimezichomoa kwenye viungio, sijakata hata mmoja. Ukifika unganisha nyaya kwanza, pini baadaye. Ukianza na pini, vidole havitapata pa kupita.

Boksi nimelitengeneza kwa mbao nyembamba, urefu sentimita 46, lina vyumba vitatu. Kila kipande kimelala kwenye chumba chake juu ya ile foamu nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni, nimeichonga kwa wembe ifuate umbo. Angalia nilivyochonga: uzito unakaa kwenye fremu. Magurudumu yote 28 yako hewani, hayagusi kitu, na konrodi, vile vyuma vinavyosukuma magurudumu, hazibebi hata unyoya. Kabla ya foamu nimekizungushia karatasi laini nyeupe. Ile nailoni yenye viputo vya hewa usiiruhusu iguse rangi, joto likiipata inaacha alama za duara zisizotoka. Nilipomaliza nililiweka boksi sikioni nikalitikisa. Kimya. Nawe ukilifunga tena huko fanya hivyohivyo, na ukisikia hata mlio wa punje ya mchele, fungua uanze upya.

Sponji ya godoro sikutumia. Yale mabaka kwenye mabehewa yako mawili ya mwanzo nilikwambia ni unyevu wa bahari. Sponji ile ikizeeka kwenye joto la Tanga huyeyuka ikawa kama ulimbo, na ikibanduka huondoka na rangi. Godoro la chumba cha uani halina kipande kimoja, utaliona ukija.

Mama yako alitaka kukifunga kwa kanga yake, nikamkatalia kwa sababu nyuzi zinashika kwenye vishikio, akanuna mpaka magharibi. Tukapatana kanga ivishwe boksi kwa nje. Umbebee hivyohivyo, usiivue. Mwenyewe hasemi, lakini anajua kwa nini kati ya vichwa vyote vilivyopewa majina ya milima ukachagua "Mount Shengena". Tangu uandike lile jina ubavuni amekuwa akiwaonyesha wageni, anasema mlima wa kwetu Upareni.

Na mimi nimekionyesha. Jumatano nilikipeleka barazani, kwa miguu, nimekipakata. Wazee wale wamekula chumvi nyingi kwenye reli, hawasifu ovyo. Mmoja alivaa miwani akahesabu ribiti za tangi la mbele, akarudia. Mwingine akabisha kuwa huwezi kuipunguza treni mara 87 kila kitu kikabaki sawa, nikampigia hesabu hapohapo: reli yetu ni ya meta moja, igawe kwa 87 unapata milimita kumi na moja na nusu, ndiyo maana reli zako ni za milimita 12, kichwa chenye meta 31 na kitu kinakuwa sentimita 36. Wakapima kwa rula, ikawa 36. Wakaniuliza nani kakufundisha. Nilitaka kusema mimi, lakini hilo haliko. Mimi nilikufundisha kushika tupa, mengine uliyatafuta mwenyewe, na mengine uliyatafuta huku nakwambia uache michezo ukasome uuguzi.

Sasa uwanja wa ndege. Hapa ndipo naogopa zaidi, kwa sababu sitakuwepo.

Tiketi yako umesema inaruhusu kilo 7 za mkononi. Boksi na kanga yake ni kilo mbili na nusu, nimelipima dukani mara mbili. Begi la mgongoni lisibebe kingine kizito. Kwenye mashine ya ukaguzi litaonekana donge la chuma lenye nyaya na mota, na askari atataka kuliona. Ana haki. Usibabaike wala usimjibu kwa ukali, maana nakujua. Mwambie, "Nitakufungulia mimi." Kifuniko sijakipigilia misumari wala gundi, kina mikanda miwili ya kunasa kama ya viatu vya watoto. Ndani ya kifuniko nimebandika picha ya kichwa kizima na maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza. Mstari wa Kijerumani nimekuachia. Akitaka kukishika, mwonyeshe pa kushika: chini ya fremu, mikono miwili. Mionzi ya mashine haidhuru mota wala rangi, usiwaombe wakipitishe pembeni, utawatia shaka bure.

Mlangoni mwa ndege, ikijaa, huwa wanakusanya mabegi ya watu wayapeleke chini. Hapo ndipo wengi wanapopoteza vitu. Panga foleni mapema. Ukiona wameanza kukusanya, toa boksi, begi wachukue, boksi ubaki nalo. Na ukikaa, liweke chini ya kiti cha mbele yako, siyo kule juu. Juu huko wenzako watasukumia masanduku yao nawe umesinzia.

Gundi ya plastiki, rangi na spiriti ya kufutia reli viache. Vinashika moto, havitakiwi ndani ya ndege wala kwenye mzigo wa chini, na huko uendako vinauzwa. Kile kichupa cha mafuta ya mashine ni kidogo, kitie kwenye mfuko wa vimiminika. Visu na bisibisi viende sanduku kubwa, la sivyo utanyang'anywa. Ile betri yako ya kuchajia simu kinyume chake: mkononi, kwenye sanduku kubwa ni marufuku. Reli zenyewe zifunge kati ya vipande viwili vya ubao uzitie kwenye sanduku kubwa, hizo hata zikipinda ni za kununua.

Ukifika usifungue boksi mara moja. Utatoka kwenye baridi uingie nyumba yenye joto, na chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoa jasho. Kiache kilale usiku mmoja. Nimetia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu, vitakunywa unyevu wa Tanga kilioondoka nao.

Wenyeji wako wa Eckernförde wataiuliza reli yetu, maana mji wao na Tanga wamefungamana udugu. Waambie Wajerumani walianza kuijenga hapahapa mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Lakini usiwaache wachanganye: kichwa kikubwa chenyewe kilitengenezwa Manchester, na kazi yake ilikuwa njia ya Mombasa na Nairobi, siyo yetu. Chenyewe kimehifadhiwa Nairobi, na wewe umekipima kwa mkono wako. Sema hivyo, usione haya. Una tabia ya kuinamisha kichwa mtu akikusifu.

Tena, habari ya safari hii niliisikia kwa mjomba wako. Alinipongeza sokoni mbele za watu, nami nikaitikia kana kwamba najua. Sikuumia kwa kukosa habari. Niliumia kwa sababu naelewa kwa nini hukuanza kwangu.

Nimeandika mengi lakini narudi palepale, kisipande buti wala kisishuke tumboni mwa ndege. Ile treni yako ya kwanza, ya mabati ya maziwa, sitaisimulia, unaikumbuka kuliko mimi. Miaka yote hii umemlaumu konda, na mimi nimekuacha umlaumu. Yule konda aliniambia, "Mzee, kata kiti cha pili, uiweke hapo." Nikaona nauli ile ni ya kupoteza kwa bati la mtoto. Nikaipeleka buti kwa mkono wangu, na magunia ya nazi yaliyowekwa juu yake yalikuwa yetu. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Tulipofika Dar ulilia mpaka Ubungo nzima ikageuka, na mimi nikamgombeza kijana wa watu.

Bati la jikoni limepata tundu jipya, fundi anataka elfu sabini, nimemwambia asubiri. Kuku wa mayai wamebaki sita, kicheche kawapunguza. Luku inaisha haraka tangu mama yako aanze kuuza barafu, lakini faida anaiona yeye na mimi siingilii. Ile cherehani uliyoniomba niuze sijaiuza. Mashine nzima ile mtu anakupa bei ya chuma chakavu. Mjomba wako hajalipa.

Nakuja Alhamisi na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Usije Mbezi kabla ya saa sita mchana, Chalinze siku hizi foleni. Nimekata viti viwili, kimoja cha dirishani. Matuta ya Segera nitalipakata, pakiwa pazuri nitalilaza kwenye kiti chake. Usihangaike kupika, nitarudi na basi la jioni kwa sababu ya goti la mama yako.

Anauliza sweta mikono ikoje, mirefu ya kukunja au ya kufika kiganjani. Mjibu leo, sufu aliyonayo haitoshi na duka linafungwa mapema.

Baba yako