Mjomba hajifanyi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema barazani huku Kibokoni kwamba mjomba wangu anajifanya hakumbuki. Hoja yao ni moja: kama kweli kumbukumbu imempotea, mbona bado anashona kofia za vito, vile vitundu vya kushonwa kwa mkono, tena mshono haupindi?

Mjomba aligongwa na bodaboda, akaumia kichwa. Tangu hapo ukimwamkia kisha ukaenda jikoni kumletea kahawa tungu, ukirudi anakuuliza umefika saa ngapi. Lakini mpe sindano uone. Yasini anaisoma kwa ghibu hadi mwisho, halafu anauliza kama ameshaswali adhuhuri. Harusi ya bintiye, ya zamani hiyo, ataihadithia mpaka nani alilalamikia biriani. Kifo cha rafiki yake wa mwaka huu tulimwambia, akalia. Kesho yake akamuulizia, tukamwambia, akalia upya. Sasa tukiulizwa twasema amesafiri.

Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, pale ndani ya ubongo panaposaidia kuweka kumbukumbu mpya, kushoto na kulia. Kifafa kilipungua, ila hakuweza tena kuweka tukio jipya akilini mpaka alipofariki mwaka 2008. Mtafiti Brenda Milner alimpa nyota aichore huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku alichora vizuri kuliko jana, na kila siku aliona ndiyo mara yake ya kwanza. Ujuzi wa mikono, basi, hautegemei pale panapowekwa habari za nani alikuja jana na alilipa nini.

Na kwenye malipo ndipo ninapokereka. Wapo waliochukua kofia wakamwambia, “Si nilishakulipa, mzee wangu?” Naye, kwa ustaarabu wake, akawaomba radhi! Hao hao jioni wamo barazani wakisema anajifanya. Kwenye kusahau deni lao wanamwamini kabisa, naona.

Nimeweka daftari karibu na kiti chake. Anayechukua kofia ataandika kwa mkono wake alicholipa, nami nimekaa papo hapo. Asiyetaka kuandika, kofia za mashine zimejaa Marikiti.

Mpwa wa fundi kofia,
Kibokoni, Mombasa